Spea ya gari: ubebe, au uiache nyumbani?

Saa kumi na moja jioni, ndani ya Hifadhi ya Mikumi, kwenye ile barabara ya Morogoro kwenda Iringa inayokatiza hifadhi kwa kilomita kama 50. Tairi la nyuma kushoto likaanza kupiga pata-pata-pata. Nikapaki pembeni, nikaangaza kulia na kushoto kutafuta nyati kabla ya kutafuta magari, kisha nikafungua buti. Spea ipo. Jeki ipo. Baada ya dakika ishirini za jasho spea imekaa mahali pake, nashusha jeki, gari linashuka, linashuka, linazidi kushuka mpaka rimu inakaribia lami. Spea haikuwa na upepo. Ilikuwa imelala kwenye shimo lake tangu gari litoke bandarini, miaka mitatu, na mimi sikuwahi hata kuigusa.

Likaja lori la mizigo, likasimama. Akashuka dereva mtu mzima, kandambili miguuni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Tatizo nini, kijana?"

"Nimebadilisha tairi, mzee, kumbe spea haina upepo."

Akaipiga teke kidogo. "Sasa hii si spea, kijana wangu. Huu ni mzigo. Umebeba mzigo kutoka Dar mpaka huku."

Malori yanatumia upepo kwenye breki, kwa hiyo yana mtungi wa upepo na madereva wengi wa safari ndefu hubeba mpira wa kuunganisha. Akaunganisha, akanijazia, akakataa hata hela ya soda.

Nimeuliziwa swali hili mara nyingi na ndugu na marafiki: nibebe spea, au kompresa ndogo, ile mashine ya kujazia upepo, inatosha? Jibu langu huanzia kwenye maneno ya yule mzee. Huu hapa utaratibu ninaoufuata.

Hatua ya 1: Fungua buti uone una nini

Usiniambie "gari langu lina spea" kabla hujanyanyua zulia la buti. Magari mengi tunayonunua yametumika Japani, na kule watengenezaji walianza zamani kuondoa spea kwenye magari madogo ili kupunguza uzito na kuokoa nafasi. Ukinyanyua zulia la Honda Fit au Mazda Demio ya karibuni, usishangae kukuta kompresa ndogo na chupa ya dawa ya kuziba pancha, basi. Utakachokuta ni kimojawapo kati ya hivi:

Spea kamili, yaani tairi la ukubwa uleule wa mengine. Hii ndiyo bora, na ndiyo wanayobeba Prado, Hilux na magari mengi ya kazi.

Spea nyembamba, ile inayofanana na tairi la pikipiki iliyonenepa. Soma ubavuni: vipimo vyake huanza na herufi T, kwa mfano T125/70D16. Hiyo ni ya kukufikisha kwa fundi, si ya kukufikisha Mwanza. Mwisho wake ni kilomita 80 kwa saa, na upepo wake ni PSI 60 (PSI ni kipimo cha msukumo wa upepo). Nairudia: 60, karibu mara mbili ya matairi ya kawaida. Fundi wa mtaani asiyeizoea atakuwekea 35 kwa mazoea, na wewe utaondoka nayo imebonyea kama chapati.

Chupa na kompresa. Hapo angalia tarehe kwenye chupa. Dawa hiyo huisha muda baada ya miaka michache tu, na gari lililokaa Japani miaka minane kabla ya kupanda meli lina chupa ambayo huenda ilikufa kabla wewe hujapata leseni. Ihesabu kama haipo.

Matairi ya ranflati, yale yenye ubavu mgumu yanayoweza kutembea bila upepo. Yapo sana kwenye BMW. Kwa kawaida yanakupa kilomita 80 hivi kwa mwendo usiozidi 80 kwa saa, kisha unatafuta jingine. Tatizo liko kwa anayenunua gari hilo mtumba. Huenda mwenye gari wa kwanza alishayatoa akaweka matairi ya kawaida, na spea haikuwahi kuwepo. Soma ubavu: Bridgestone huandika RFT, Michelin huandika ZP, Continental huandika SSR. Usipoona alama kama hizo, unatembea na matairi ya kawaida bila spea, na hujui.

Uwezekano wa tano ni shimo tupu. Spea iliuzwa, au iliibwa. Kwenye Noah na Hiace nyingi spea hukaa uvunguni, na mwizi mwenye spana anaishusha ukiwa umeingia msibani. Kama yako inakaa chini, ifunge kwa mnyororo na kufuli.

Hatua ya 2: Pima njia zako

Hapa ndipo uamuzi ulipo. Achana na aina ya gari kwanza. Jiulize: pancha ikinikuta sehemu mbaya kuliko zote ninazopita, fundi wa kwanza yuko kilomita ngapi, na nini kinaishi kati yetu?

Kama maisha yako yote ni Mbagala, Kariakoo, Mwenge na kurudi, fundi wa pancha yuko kila kona. Utamwona: tairi kuukuu limesimamishwa pembeni ya barabara badala ya bango, kompresa inaunguruma, beseni la maji machafu, na benchi la kukalia wateja. Huyo ni spea yako. Kompresa ndogo inayochomekwa kwenye tundu la sigara inakutosha kabisa, kwa sababu pancha nyingi za mjini ni za msumari na upepo hutoka polepole. Unajaza, unaendesha, unafika.

Kama wewe ni wa Dar kwenda Moshi au Dar kwenda Dodoma mchana, miji na vituo vimekaribiana. Spea nyembamba inatosha, ilimradi ina upepo. Bila spea unaweza kusafiri, lakini ukipasua ubavu unasubiri msaada, na mpango wa msaada uwe umeufikiria kabla.

Kama unapita Mikumi, au unashuka Kitonga na mzigo, au unakwenda Mpanda, Chunya, Loliondo, au ndugu zetu wa Kenya mnaokatiza Tsavo usiku au kupanda Marsabit, beba spea kamili. Sitaki mjadala hapo. Ukiingia barabara za changarawe zenye mawe makali beba hata mbili, kama wafanyavyo madereva wa watalii. Jiwe kali halitoboi tairi kama msumari, linachana ubavu, na ubavu uliochanika hauzibwi na chupa, wala kamba, wala maombi.

Na hilo ndilo linalotenganisha spea na vyote vinavyodai kuwa mbadala wake. Mbadala wote wa kuziba au kujaza upepo, wa bei rahisi na wa ghali, unashughulikia tundu dogo kwenye sehemu inayokanyaga barabara. Ubavu ukichanika, au rimu ikipinda kwenye shimo, ni tairi jingine tu litakalokutoa hapo.

Neno la pembeni kwa waliofunga mfumo wa gesi asilia. Mtungi mara nyingi unakaa kwenye buti, juu kabisa ya shimo la spea. Nimeona gari ambalo spea ilikuwepo, nzima, ina upepo, na hakuna namna ya kuitoa bila kufungua mtungi. Kabla ya kumlipa aliyekufungia, mwambie akuonyeshe spea inatokaje. Ikishindikana, hesabu kwamba huna, na uwe mtu wa Hatua ya 4.

Hatua ya 3: Ukiamua kubeba, ifanye iwe spea kweli

Pima upepo mara moja kwa mwezi. Spea kamili iwekee PSI tano zaidi ya matairi mengine, kwa sababu itapungua yenyewe ikiwa imelala. Kupunguza upepo njiani ni rahisi, kuuongeza ndiko kulikonikuta Mikumi.

Soma umri wake. Ubavuni, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na herufi DOT, kuna tarakimu nne: 2316 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi huzeeka hata lisipotembea, na watengenezaji wakubwa wanashauri lisivuke miaka kumi hata kama vidole vyake vya kukanyagia bado vimesimama. Spea nyingi nilizokagua ni umri sawa na gari lenyewe. Zinang'aa, hazijawahi kukanyaga, na zimepasuka nyufa ndogondogo ubavuni.

Kisha nati. Hapa watu wengi wanaumbuka, hasa wale waliobadilisha rimu. Ulinunua sport rim nzuri, ukapewa nati zake. Spea yako bado ni rimu ya chuma ya kiwandani. Nati za sport rim nyingine haziikai vizuri rimu ya chuma: shingo yake ni tofauti, unakaza mpaka mwisho na gurudumu bado linacheza. Jaribu nyumbani. Zikikataa, nunua seti ya nati za kawaida uziweke kwenye mfuko pamoja na jeki. Na kama rimu zako zina nati ya kufuli kuzuia wizi, ule ufunguo wake ukae ndani ya gari. Mtu mmoja wa karibu yangu aliuweka kabatini nyumbani "usije ukapotea". Alikaa Chalinze saa nne.

Vifaa vya kuandamana nayo ni hivi: jeki inayofanya kazi (ijaribu), spana ya magurudumu inayoingia kwenye nati zako, kipande cha bomba la chuma cha kurefusha mkono wa spana, pembetatu mbili za tahadhari ambazo hata trafiki atakuuliza, tochi, glavu, na kibao. Kibao cha mbao, upana kama daftari kubwa, unene wa vidole viwili. Pembeni ya barabara zetu ni mchanga au tope; jeki bila kibao inazama yenyewe huku gari limekaa palepale. Hakuna kifaa cha bei ndogo kuliko hicho chenye faida kubwa kuliko hicho.

Hatua ya 4: Ukiamua kutobeba

Usitoke mikono mitupu. Vitu vitatu, kwa mpangilio wa umuhimu.

Kompresa ya volti 12. Bei ya zile za kawaida haifiki ya tairi moja jipya. Iwashe huku injini inaunguruma, la sivyo utabaki na pancha na betri iliyokufa. Usiiendeshe mfululizo zaidi ya dakika kumi hivi, inachemka, ipumzishe.

Kamba za kuzibia, zile za mpira mweusi au kahawia zenye gundi, pamoja na vyombo vyake viwili: kimoja chenye ncha ya msokoto cha kusafishia tundu, kingine kama sindano kubwa yenye jicho. Unachomoa msumari kwa koleo, unasugua tundu kwa ule msokoto mpaka upite bila kugoma, unapitisha kamba kwenye jicho la sindano, unasukuma ndani mpaka zibaki ncha mbili fupi nje, unavuta sindano kwa nguvu moja, kamba inabaki. Kata ncha, jaza upepo, pakaa maji ya sabuni uangalie povu. Mara ya kwanza ufanye nyumbani kwenye tairi bovu, kwa sababu kusukuma ile sindano kunataka nguvu kuliko unavyodhani. Inafaa kwa matairi yasiyo na tyubu tu, na kwa tundu lisilozidi milimita sita, sehemu ya kukanyagia tu.

Dawa ya chupa naiweka ya mwisho makusudi. Inafanya kazi kwa tundu dogo, kama milimita nne. Unaimimina kupitia valvu, unajaza upepo, unaendesha mara moja kama kilomita tano ili isambae, unasimama kupima. Ikiwa upepo umeshuka chini ya PSI 19 hivi, acha, tundu ni kubwa kuliko dawa. Ikishika, usizidi 80 kwa saa hadi kwa fundi. Na umwambie fundi kwamba kuna dawa ndani kabla hajalifungua tairi, maana itamrukia usoni na kuchafua kila kitu, na wengine watakutoza kwa kusafisha. Wana haki.

Halafu la nne ambalo si kifaa: namba ya simu ya fundi unayemwamini mwenye bodaboda. Mjini, anakuja, anabeba gurudumu lako kwenye boda, analirudisha limezibwa. Nimelitumia hilo zaidi ya kompresa.

Hatua ya 5: Siku yenyewe

Ukihisi gari linavuta upande, usikanyage breki ghafla. Shika usukani kwa mikono miwili, ondoa mguu kwenye mafuta, liache lipungue, tafuta sehemu tambarare, ngumu na iliyonyooka. Ni heri kuharibu tairi ambalo tayari limekufa kwa kusogea mita mia mbili kuliko kusimama kwenye kona. Kwenye hifadhi, kaa ndani kwanza, angalia pande zote, na mtu mmoja abaki akiangalia muda wote.

Washa taa za hatari. Weka pembetatu mbali, si hatua tatu nyuma ya buti kama wengi wafanyavyo. Dereva wa basi anayekuja na mia anahitaji muda. Abiria washuke wakae mbali na lami.

Kabla ya kutoa jeki, angalia tairi. Ukiona msumari na tairi bado lina upepo kidogo, *usiuchomoe*. Msumari wenyewe ndio kizibo. Jaza upepo kwa kompresa, endesha taratibu kwa fundi, simama kila baada ya kilomita kumi kupima. Mara nyingi hapo habari inaishia.

Kama ni kubadilisha: gia kwenye P au namba moja, handibreki juu, jiwe kwenye gurudumu la upande wa pili. Legeza nati nusu mzunguko *kabla* ya kupiga jeki, gurudumu likiwa bado chini. Zikigoma, chomeka bomba kwenye spana na ukandamize kuelekea chini kwa uzito wa mwili; ukivuta juu utaumia mgongo. Kibao chini, jeki juu yake, kichwa cha jeki kwenye sehemu iliyotengwa, ile yenye vichongo viwili chini ya ubavu wa gari karibu na gurudumu. Ukikosea ukapigia kwenye bati, utalikunja. Gari likipanda, sukuma spea chini ya gari wakati unatoa gurudumu bovu, kisha zibadilishane: jeki ikiteleza, gari litaangukia tairi, si mkono wako.

Kaza nati kwa mkono kwanza, kwa kurukiana, ya juu kisha ya chini upande wa pili, kamwe si kwa kuzunguka. Shusha gari, ndipo ukaze kwa nguvu zote kwa mtindo uleule.

Kama spea ni nyembamba na pancha ni ya mbele kwenye gari linalovuta kwa mbele, kazi inaongezeka: toa gurudumu zima la nyuma ulilete mbele, na ile nyembamba iende nyuma. Inachosha, lakini magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta, yanayokata kona na yanayobeba breki nyingi.

Ukiondoka, ondoa mawe na matawi uliyoweka barabarani. Sisi wote tumeshayakwepa usiku yaliyoachwa na mtu aliyeondoka tangu asubuhi.

Hatua ya 6: Ukifika

Kaza nati tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Zibisha tairi siku hiyohiyo, na kwa tairi lisilo na tyubu mwombe fundi alitoe kwenye rimu apige kiraka kwa ndani, hata kama wewe ulishaweka kamba. Kamba ni ya kukufikisha. Simama pale wakati analijaza na utaje PSI mwenyewe.

Kisha rudisha spea kwenye shimo lake. Ikiwa umbo la shimo linaruhusu, ilaze valvu ikiangalia juu, ili mwezi ujao uipime kwa kunyanyua zulia tu bila kuitoa. Yangu ilikuwa imelala kifudifudi.